Piano Iliyorudi Ngomani

Katika lugha yetu piano haichezwi, hupigwa. Mtu hupiga ngoma, hupiga zeze, hupiga gitaa, na hupiga piano. Kitenzi ni kimoja. Wazungu walipotuletea chombo hiki walikileta pamoja na adabu zake: kukaa wima, vidole vilivyojikunja, sauti laini ya sebuleni au ya kanisani. Waswahili walipotafuta kitenzi cha kukipa, wakakipa kile kile cha ngoma. Nionavyo mimi, hakuna mpiga piano aliyestahili kitenzi hicho kuliko Randy Weston wa Brooklyn, New York, aliyefariki tarehe 1 Septemba 2018 akiwa na umri wa miaka 92. Maisha yake yote aliyatumia kuonyesha kwa mikono yake kwamba ndani ya lile sanduku la mbao na nyaya mna ngoma, na kwamba kazi ya mpigaji ni kuiamsha.

Kabla sijaendelea, inafaa nimtahadharishe msomaji kuhusu neno lenyewe. Kwetu Afrika Mashariki neno "jazz" liliandikwa kwenye majina ya bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Zilikuwa bendi za magitaa, na muziki wao ulikuwa na undugu zaidi na Kuba na Kongo kuliko New York. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile ya Wamarekani Weusi, ambayo mpigaji huuchukua wimbo unaojulikana, akauvunja na kuujenga upya papo hapo mbele ya wasikilizaji wake. Ni muziki ambao wengi wetu tunausikia kwa mbali, kama mtu asikiavyo ngoma ya mtaa wa pili. Weston ni mmoja wa wachache waliojaribu kutusogezea ngoma hiyo mlangoni, na hata wakatuita kwa lugha yetu. Kama mwito huo ulikuwa wa haki, na kama tuna wajibu wa kuuitikia, ndilo swali la makala hii.

Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, Frank Edward Weston, alikuwa na asili ya Panama na Jamaika, na alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, yule Mjamaika aliyewahimiza watu weusi wa dunia nzima waikumbuke Afrika. Mama yake, Vivian, alitoka jimbo la Virginia kusini mwa Marekani, akamlea mwanawe katika nyimbo za kanisani. Baba ndiye aliyeshikilia kwamba kijana ajifunze piano, atake asitake. Baba huyo huyo ndiye aliyemfundisha tangu utotoni kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, akamjazia nyumba vitabu na ramani za Afrika. Tukumbuke ilikuwa miaka ya 1930. Sinema za mtaani zilimwonyesha mtoto Afrika ya Tarzan; nyumbani alionyeshwa Afrika ya wafalme. Zote mbili zilikuwa Afrika za picha. Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu ndilo fundo la habari yenyewe: Weston aliipenda Afrika miaka mingi kabla hajaikanyaga, na alipoikanyaga kwa mara ya kwanza, mwaka 1961 katika mji wa Lagos, alikuwa mtu mzima wa miaka 35 mwenye jina lake tayari.

Jina hilo alilipata kwa njia ndefu. Alilitumikia jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, akafika hadi kisiwa cha Okinawa. Aliporudi alisimamia mkahawa wa familia huko Brooklyn, mahali ambapo wanamuziki walikuja kula na kubishana hadi usiku wa manane. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumsikia Thelonious Monk akipiga piano katika kikundi cha Coleman Hawkins. Mwanzoni alidhani mtu huyu hajui kupiga. Kisha akarudi kumsikiliza tena, na tena, mpaka akamwendea nyumbani. Monk hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimshauri kijana asikilize muziki wa kila aina, na alipomkaribisha mara nyingine alimjibu maswali yake yote kwa kumpigia piano saa kadhaa. Hivyo ndivyo mafundi wetu wa zamani walivyofundisha, mwanafunzi akitazama mkono wa fundi badala ya kuandika kwenye daftari.

Kwa Monk alijifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba nota mbili zinazogombana si kosa. Ugomvi wao ndio unaomfanya msikilizaji ainue kichwa. La pili ni kimya. Monk alijua kuacha nafasi, akamwacha msikilizaji aijaze mwenyewe. Kwa Duke Ellington naye alijifunza kwamba piano moja inaweza kuwa bendi nzima, na kwamba sauti za chini kabisa, upande wa kushoto kabisa wa chombo, ni ardhi ambayo wengi huipita bila kuilima. Hapo ndipo Weston alipojenga nyumba yake. Wapiga piano wengi wa rika lake walikuwa wameufanya mkono wa kushoto kuwa mtumishi, unaogusa hapa na pale huku mkono wa kulia ukikimbia mbio za farasi. Weston aliukataa mpango huo. Alikuwa mtu wa kimo cha mita mbili, mwenye viganja vipana vya ajabu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa bwana. Huanza chini, kwa nota nzito zinazorudiwa kama mpigo wa chapuo, kisha mkono wa kulia huja juu yake kama mwimbaji anayeingia uwanjani ngoma ikiwa imekwisha kukolea.

Mwaka 1954 alitoa santuri yake ya kwanza, akipiga nyimbo za Cole Porter, na mwaka uliofuata wahakiki wa jarida la Down Beat wakamtaja kuwa nyota mpya wa piano. Katika miaka hiyo alitunga nyimbo mbili ambazo wanamuziki wengine wanaendelea kuzipiga mpaka leo. "Hi-Fly" ina kiimbo kinachorukaruka; inasemekana ni dunia inavyoonekana na mtu mrefu. "Little Niles" aliitungia mwanawe mdogo, nayo huenda kwa mapigo matatu wakati ambapo jazi karibu yote ilikwenda kwa mapigo manne. Ni wimbo wa mtoto, lakini si wimbo wa kitoto. Una kivuli ndani yake, kama vile baba anamtazama mwanawe akicheza na wakati huo huo anafikiri juu ya ulimwengu utakaompokea.

Hapa ni lazima nimtaje mtu ambaye hutajwa kwa haraka mno. Melba Liston, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1926, alikuwa mpiga tromboni, mwanamke katika kazi ambayo wanaume waliiona ni yao peke yao. Kuanzia santuri ya Little Niles ya mwaka 1958, yeye ndiye aliyepanga sauti za bendi kwa ajili ya nyimbo za Weston: nani aingie lini, tarumbeta ziseme nini, tromboni zimjibuje. Weston alikuja na mbegu, Liston akaandaa shamba. Wahakiki wengi husema "muziki wa Weston" wakatosheka. Mimi naona kwamba katika santuri zake kubwa, nusu ya kile tunachokisifu ni kazi ya mwanamke huyu, na Weston mwenyewe hakuwa mchoyo wa kulisema hilo.

Santuri iliyo kubwa kuliko zote katika kazi yao ya pamoja ni Uhuru Afrika, iliyorekodiwa New York mwezi wa Novemba 1960. Huo ulikuwa mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru. Tanganyika haikuwa miongoni mwao. Uhuru wake ulikuwa umebakiza miezi 13. Weston alikusanya bendi kubwa ambayo hata leo ukiyasoma majina unashangaa: Clark Terry, Freddie Hubbard, Yusef Lateef, Kenny Burrell, Max Roach, pamoja na wapiga ngoma Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido wa Kuba. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Na maneno ya mwanzo kabisa, yale yanayofungua santuri juu ya ngoma, yanasomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza". Sehemu ya mwisho inaitwa "Kucheza Blues".

Msomaji wa Kiswahili anayeisikia kwa mara ya kwanza hushtuka kwa furaha. Lugha yake imo ndani ya studio ya New York, mwaka 1960, kati ya mafundi wakubwa wa jazi, na wala haikuwekwa humo kwa mzaha. Lakini furaha ikipoa, swali linabaki. Kwa nini Kiswahili? Mababu wa Wamarekani Weusi, kwa sehemu kubwa sana, walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati. Walizungumza Kiyoruba, Kiwolofu, Kikongo na lugha nyingine nyingi. Waliovushwa Atlantiki kutoka upande wetu walikuwa wachache. Weston alikichagua Kiswahili kwa sababu kilionekana kuwa lugha ambayo ingeweza kuiunganisha Afrika, lugha isiyokuwa mali ya kabila moja. Nia ilikuwa njema. Lakini mtu anayejua historia ya lugha hii anajua pia kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara iliyotoka bara kwenda pwani, na misafara hiyo haikubeba pembe za ndovu peke yake. Lugha iliyotangaza uhuru katika santuri ile iliwahi pia kutoa amri kwa watu waliofungwa minyororo.

Silisemi hilo ili kumsuta Weston. Nalisema kwa sababu linatuonyesha Uhuru Afrika ni kitu gani. Ni bendera. Bendera nzuri, iliyoshonwa na mafundi wa hali ya juu, na iliyopandishwa siku inayostahili. Hata serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliitambua kuwa bendera, ikaipiga marufuku mwaka 1964. Lakini bendera huonwa kwa mbali. Ukiisikiliza kwa makini utaona kwamba Afrika iliyomo ni ile ya ramani za baba yake: moja, pana, isiyo na mipaka wala ugomvi. Ngoma zimo tele, ila zimewekwa kando ya jazi kama wageni waheshimiwa walioketishwa viti vya mbele. Piano yenyewe haisikiki sana. Ni kama vile Weston, alipoitangaza Afrika kwa sauti kubwa kabisa, mikono yake ilikuwa bado haijui ifanye nini.

Jina la sehemu ya mwisho, hata hivyo, lilikuwa limegusa jambo. Katika Kiswahili "kupiga" ni kazi ya mwenye chombo, na "kucheza" ni kazi ya mwenye miguu. "Kucheza Blues" basi si kupiga bluzi, bali ni kuitikia bluzi kwa mwili. Jazi ya wakati huo ilikuwa imeanza kuwa muziki wa kuketi na kusikiliza kimya. Jina hilo la Kiswahili liliitaka isimame tena. Ilimchukua Weston miaka mingine kadhaa kuifanya piano yake itimize kile ambacho jina lilikuwa limekwisha kuahidi.

Baada ya safari zake mbili za Nigeria, mwaka 1961 na 1963, Weston alianza kupiga nyimbo za Waafrika wenyewe, za Bobby Benson wa Nigeria na Guy Warren wa Ghana, katika santuri ya Highlife. Mwaka 1967 alizunguka nchi nyingi za Afrika ya Magharibi na ya Kaskazini katika ziara iliyogharimiwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Hapo pana kejeli kidogo: mwimbaji wa uhuru akisafiri kwa tikiti ya serikali ya nchi ambayo miaka michache kabla ya hapo watu weusi walikuwa wamepigwa mabomba ya maji na kuachiwa mbwa katika baadhi ya miji yake. Lakini tikiti ilifanya kazi yake. Kituo cha mwisho kilikuwa Morocco, naye akaamua kuhamia huko. Katika mji wa Tangier alifungua klabu aliyoiita African Rhythms, akaiendesha kwa miaka kadhaa. Na huko ndiko alikokutana na Wagnawa.

Wagnawa ni kizazi cha watu waliochukuliwa utumwani kutoka kusini ya Sahara, wakavushwa jangwa badala ya bahari. Ni Waislamu, na wana ngoma za usiku kucha ambazo huita pepo, kila pepo na rangi yake, ubani wake na wimbo wake, ili kumponya mgonjwa. Msomaji wa pwani anayezijua ngoma za pepo hahitaji maelezo marefu. Chombo chao kikuu huitwa guembri. Mtu alifikirie kama gambusi kubwa, lenye nyuzi tatu na tumbo la ngozi. Mpigaji huvuta uzi na wakati huo huo hulipiga tumbo kwa vidole, hata chombo kimoja kikawa besi na ngoma kwa pamoja. Wenzake hugonganisha vyuma mikononi, na mpigo huzunguka, huzunguka, mpaka mtu asijue tena wimbo ulianzia wapi.

Weston alipoisikia guembri alikuwa ameupata mkono wake wa kushoto. Sitii chumvi. Sikiliza "Hi-Fly" alivyoipiga katika miaka ya 1950, kisha usikilize piano yake baada ya Tangier. Mwanzoni mkono wa kushoto una nguvu, lakini unatembea kwa hatua za jazi. Baadaye unazunguka. Nota tatu au nne nzito zinarudi na kurudi, zimekaa chini kabisa, na kati yao zina mshindo mkavu kama kiganja juu ya ngozi. Hakuwaiga Wagnawa, piano haiwezi kuwa guembri, naye hakujifanya haelewi hilo. Alichokichukua kwao ni wazo kwamba sauti ya wimbo na pigo la ngoma si vitu viwili vilivyowekwa pamoja, bali ni kitendo kimoja cha mkono mmoja. Hapo ndipo ile ngoma iliyokuwa imeketishwa kando katika Uhuru Afrika ilipoingia ndani ya piano yenyewe.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni "Blue Moses", wimbo alioutunga kutokana na muziki wa Wagnawa. Ulirekodiwa mara nyingi, lakini mara mbili zinafaa kulinganishwa. Mwaka 1972 kampuni ya CTI ilimpa piano ya umeme. Santuri hiyo ikawa mojawapo ya zilizouzwa zaidi katika maisha yake, wala mwenyewe hakuipenda. Sababu yake inasikika. Piano ya umeme haina tumbo. Ukiipiga kwa nguvu hupati mshindo, unapata kelele tu. Wimbo umebaki, lakini pepo ameondoka. Kisha sikiliza namna ulivyopigwa mwaka 1991 katika The Spirits of Our Ancestors. Melba Liston alikuwa ameugua kiharusi mwaka 1985, hakuweza tena kupiga tromboni, akapanga sauti za bendi kwa msaada wa kompyuta. Na kazi yake haina hata chembe ya unyonge. Bendi inaingia polepole kama watu wanaokusanyika uwanjani, na chini yao piano ya mbao inanguruma. Katika santuri hiyo hiyo mna kipande kiitwacho "African Village Bedford-Stuyvesant", kwa jina la mtaa wa Brooklyn. Mzee huyu alikuwa amekwenda hadi Tangier ili aweze kurudi mtaani kwao na kuuita kijiji.

Nisifiche mahali ninapotofautiana naye. Weston alipenda kusema kwamba muziki wote chanzo chake ni Afrika, na jinsi alivyozidi kuzeeka ndivyo alivyozidi kurudi nyuma, hadi Misri ya mafarao na Nubia. Maneno ya namna hiyo ni mapana mno. Yakisemwa juu ya kila kitu, hayasemi juu ya kitu chochote. Afrika yake ya maneno ilibaki na ukungu mpaka mwisho. Lakini mwanamuziki huhukumiwa kwa mikono yake, na mikono yake haikusema "Afrika". Ilisema Tangier, ilisema Lagos, ilisema Brooklyn, ilisema Monk. Mikono ilikuwa na adabu kuliko kinywa: ilitaja mahali ilipojifunza.

Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ilitungwa na watu waliokuwa na asili ya kuiacha. Weston alitokana na watu ambao hawakuacha asili yao; waliachishwa kwa nguvu, lugha wakanyang'anywa, majina wakabadilishiwa. Mtu wa namna hiyo afanye nini? Hawezi kurudi nyumbani, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha nyumba. Anaweza tu kubisha hodi mahali pengi na kuona ni wapi mkono wake utatambua kitu. Kuna wanaolidharau jambo hili, wakasema ni kujitafutia ukoo wa bandia. Mimi sioni hivyo. Hebu tulitazame neno "asili" lenyewe: ni la Kiarabu. "Uhuru" nalo asili yake ni Kiarabu. Tunayatumia bila wasiwasi, tena kwa mambo yaliyo karibu sana na nafsi zetu, na hakuna anayetuambia si yetu. Yamekuwa yetu kwa kutumiwa vizazi na vizazi. Basi kama sisi tumeruhusiwa kujenga asili kwa vitu vilivyoletwa na pepo za kaskazi, kwa nini mtu wa Brooklyn asiruhusiwe kujenga yake kwa maneno ya Tanganyika na nyuzi za Morocco, mradi akae navyo miaka mingi na avifanyie kazi?

Sharti ni hilo la mwisho. Uhuru Afrika ilikuwa mkopo. Weston aliulipa kwa kuishi. Alikaa, akasikiliza, akarudi kupiga na Wagnawa kwa zaidi ya miaka 20, hata mwaka 1992 ikarekodiwa santuri ambayo wao ndio wenye uwanja, na piano yake inasubiri zamu.

Kwa msomaji atakayependa kumsikiliza, ushauri wangu ni huu. Asianze na Kiswahili cha Uhuru Afrika, kwa sababu atasikiliza matamshi. Aanze na The Spirits of Our Ancestors, tena usiku, na asiufuate mkono wa kulia. Aufuate wa kushoto. Baada ya muda mguu wake utaanza kujibu wenyewe, na hapo ndipo atakapofahamu kwamba aliitwa siku nyingi.